Jinsi ya Kubeba Bastola ya Kizamani na Usiaibike

Sogea karibu tuongee, maana haya mambo hayasemwi kwa sauti. Wewe hutafuti bastola tu. Anayetafuta bastola tu huingia duka lolote la silaha Houston au Dallas, akanyooshea kidole SIG P365 iliyotoka mwaka 2018, akalipa, akaenda zake. Ile ina uzito wa karibu nusu kilo, magazini yake inameza risasi 10, na chini ya fulana haionekani. Wewe unataka chuma. Unataka nyundo inayojitokeza kwa nyuma, mpini wa mbao, na ule mlio mzito slaidi inaporudi mahali pake. Unataka ile uliyoiona kwenye banda la video enzi zile, mkanda ukikwaruza na mtafsiri akipiga kelele juu ya sauti ya mwigizaji.

Sikulaumu. Kila binadamu anapenda kupendeza, na anayebeba kitu kisichoonekana na mtu anataka kupendeza machoni pake mwenyewe, ambako ndiko kugumu zaidi. Nitakuonyesha jinsi ya kukipata unachokitaka kwa njia fupi, na kama ni kushindwa, ushindwe bila kujitoboa paja.

Nasema na wewe uliyeko Marekani, hasa Texas, ambako ndugu zetu wengi wa Kenya, Tanzania na Kongo wamejenga maisha. Huko, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Dar es Salaam na Nairobi ni habari nyingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na kule safari ya bastola huanzia ofisini, haianzii kwenye kioo cha duka. Ukienda nyumbani likizo, yako inabaki Marekani. Usijaribu hata kuwaza.

1. Njia ya mkato usiyoigusa

Nitakupa njia za mkato nyingi, kwa hiyo naanza na ile ambayo sitakupa. Usimwombe shemeji akununulie. Fomu ya serikali kuu namba 4473, ile unayojaza kaunta kabla FBI hawajakagua jina lako, inauliza kama wewe unayejaza ndiye mnunuzi halisi. Tangu mwaka 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15. Shemeji atakwenda jela kwa sababu ya mpini wa mbao, na dada yako hatakusamehe.

Fomu hiyohiyo inauliza uraia. Ukiweka alama kwamba wewe ni raia na huku si raia, umeharibu makaratasi yako ya uhamiaji kwa kalamu ya kuazima. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aseme ukweli na atoe kadi yake. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika risasi, na vile vijilango vichache vilivyomo kwenye sheria ni vya kuulizwa wakili, visiulizwe kwenye kikundi cha WhatsApp. Hata mwenye kadi, akipatikana na hatia ya kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini baada ya miaka ishirini ya kulipa kodi.

Na ukiwa nje, soma milango. Huko Texas, ukiona ubao wenye 51% kwa rangi nyekundu, maana yake hapo wanapata zaidi ya nusu ya mapato kwa kuuza pombe ya kunywewa palepale, geuka. Shule, geuka. Mwenye jengo aliyeweka tangazo la kukataza, heshimu tangazo lake. Hakuna atakayejua kwamba umegeuka kwa sababu ya bastola. Watadhani umesahau simu kwenye gari.

2. Mchague babu

Bastola za kizamani ni nyingi ukizihesabu kwa majina, lakini ukoo wake ni mdogo. Nyuma ya karibu kila moja utakayoipenda yuko mtu mmoja, John Moses Browning, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, mwana wa fundi bunduki. Ukitaka kuonekana mjuzi dukani kwa gharama ya sentensi moja, litaje jina lake kwa heshima kisha unyamaze. Muuzaji atajaza yaliyobaki.

Wa kwanza ni 1911. Jeshi la Marekani lilitoka kwenye vita vya Ufilipino likilalamika kwamba bastola zake za risasi nyembamba hazimsimamishi mtu anayekuja mbio, likataka risasi nene ya .45. Machi 1911 bastola ya Browning iliyotengenezwa na Colt ilifyatuliwa risasi 6,000 katika majaribio bila kukwama, na mwezi huohuo ikapokelewa rasmi. Ilidumu kuwa bastola rasmi ya jeshi hadi mwaka 1985. Ni nzuri kweli, hapo sikuongopei. Triga yake hairudi kwa kupinda kama za wengine, inakwenda nyuma moja kwa moja, fupi na safi, na mtu asiyejua kulenga hujiona ghafla anajua.

Sasa iangalie kwa jicho la kiuno chako. Mtutu wa inchi tano, urefu wa karibu sentimita 22, na ikiwa imejaa risasi ina kilo moja na robo. Wapanda farasi wa jeshi ndio walioomba ile sefti ya kidole gumba, ili askari aweze kuirudisha bastola kwenye ala huku farasi anaruka. Huyo ndiye mtu aliyefikiriwa. Wewe uliyekaa kwenye Toyota Corolla kwa dakika arobaini barabara ya I-45, mkanda wa gari umebana na kitako cha bastola kinakuchoma mbavu, hukuwamo kwenye hesabu.

Wa pili ni Hi-Power. Browning alikufa mwaka 1926 huko Ubelgiji, akiwa kazini katika kiwanda cha FN, kabla hajaimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka mwaka 1935 na magazini ya risasi 13, idadi iliyowashangaza watu wa wakati ule. Katika Vita Kuu ya Pili ilitumika pande zote mbili, kwa sababu Wajerumani waliikalia Ubelgiji na kukitwaa kiwanda, huku Wakanada wakiitengeneza kwao kwa ajili ya upande mwingine. Inakaa mkononi vizuri kuliko 1911, hasa kwa mwenye kiganja kidogo. Lakini ile ya zamani ina tabia moja ambayo hawakuambii: inauma. Ukiishika juu kabisa, kama inavyotakiwa, nyundo ikirudi nyuma inabana ile ngozi laini kati ya kidole gumba na cha shahada. Baada ya magazini mbili tatu utaona alama nyekundu, na ukiendelea, damu. Vilevile Wafaransa, walioomba itengenezwe kisha wasiinunue, walitaka isifyatuke magazini ikitolewa, na kile kipande kilichowekwa kutimiza ombi lao ndicho kinachofanya triga yake ikwaruze mpaka leo.

Hi-Power ndiyo iliyopakwa dhahabu kwa ajili ya Muammar Gaddafi. Oktoba 2011 vijana wa Misrata waliinua bastola hiyo juu mbele ya kamera. Dhahabu haikumsaidia kitu siku ile.

Wa tatu, na najua wengi wenu ndiye mliyemjia, ni Walther PPK ya mwaka 1931. Huyu si wa Browning, ni wa Wajerumani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo bastola iliyowadanganya watu wengi kuliko zote. Mwandishi Ian Fleming alikuwa amempa James Bond kibastola kidogo cha Beretta. Mpenzi wa silaha wa Scotland, Geoffrey Boothroyd, akamwandikia kwamba kitu kile hakimfai jasusi. Fleming akasikia, na katika Dr. No ya mwaka 1958 Bond akapewa Walther PPK, akampa na yule Boothroyd heshima ya kuwa fundi silaha ndani ya hadithi. Filamu ikaja mwaka 1962. Sasa tazama vizuri lile tukio ofisini kwa M, mkuu wa Bond: bastola anayokabidhiwa Sean Connery ni Walther PP, kaka mkubwa wa PPK. Hata sinema yenyewe ilishindwa kumbeba babu yake, na haikupoteza usingizi. Jifunze hapo.

Kiunoni PPK ni tamu, sina ubishi. Ni fupi, nyembamba, ya mviringo, haina kona ya kushika shati. Mkononi ni habari nyingine. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu, na kinachoizuia slaidi isirudi upesi ni uzito wake na springi ngumu tu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kuikoki kunataka nguvu. Mama mwenye vidole vyembamba au mzee mwenye baridi yabisi atahangaika nayo. Pili, risasi yake ya .380 ni dhaifu kuliko 9mm ya kawaida, lakini kipigo chake mkononi ni kikali kuliko cha bastola nyingi kubwa za 9mm. Unalipa zaidi ili uumie zaidi na upate kidogo. Halafu slaidi nayo inapita chini sana. Mwenye mkono mnene hutoka na michirizi miwili juu ya kiganja.

Marekani yenyewe iliikataa isiingie. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 iliweka vipimo vya bastola za kutoka nje, na PPK ikaonekana fupi mno kwa kimo. Walther wakafanya ujanja mzuri kabisa: wakachukua fremu ndefu ya PP, wakaifunika na slaidi fupi ya PPK, wakaiita PPK/S. Ikapita. Na kwa kuwa mpini ulirefuka kidogo, ikawa rahisi zaidi kushika. Kama moyo wako umeganda kwa Bond, nunua PPK/S na usimweleze mtu.

Kuna wa nne ambaye watu humsahau: Colt ya mfukoni ya mwaka 1903, ya Browning tena. Nyembamba, laini, nyundo imefichwa ndani, risasi 8 ndogo za .32, kipigo chake chepesi. Majenerali wa Marekani walipewa. Uzalishaji wa zamani ulikoma katikati ya miaka ya 1940, kwa hiyo utakayoikuta dukani imekuzidi umri. Inunue, ipende, iweke. Kuibeba kila siku ni kuisumbua bure, na ile ikidondoka sakafuni ikiwa na risasi chemba, sitaki kuwa chumba kimoja na wewe.

3. Danganya macho, usidanganye mkono

Hapa ndipo njia ya mkato ilipo. Nunua sura ya babu na matumbo ya mjukuu.

Ukimpenda 1911, chukua Commander. Colt waliitoa karibu na mwaka 1950: mtutu umepunguzwa hadi inchi nne na robo, fremu ni ya aluminiamu, uzito umeshuka mpaka kama gramu 770. Kwa mtazamaji ni 1911 ileile. Kwa kiuno ni karibu theluthi imeondoka. Chukua ya 9mm badala ya .45. Wazee wa dukani watakunja uso, waache. Risasi ni za bei nafuu zaidi, utafanya mazoezi zaidi, na kipigo kitakuachia shabaha ya pili upesi. Usishuke chini ya hapo, kwenye vile vya inchi tatu. Mtambo wa Browning ulipangiwa mtutu mrefu, na ukiufupisha mno muda wa kila kitu ndani yake unabana. Ndiyo maana vifupi vina sifa ya kukwama.

Ukimpenda Hi-Power, mwaka 2021 Springfield walitoa SA-35. Nyundo imebadilishwa umbo isiume, kile kipande cha Wafaransa kimetolewa, magazini ni ya risasi 15. Mpini ni wa mbao. Hakuna mjomba kwenye mazishi atakayejua tofauti, na mjomba kwenye mazishi hatakiwi kuiona kabisa.

Na iko njia ya mkato kubwa kuliko zote, ambayo wauzaji wanaipenda na wake zetu hawaipendi: nunua mbili. Ile nzuri ipeleke kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi, marafiki waione, upige nayo picha. Jumatatu ubebe ile ya plastiki, kama ile SIG ya mwanzo. Heshima umeipata, na kiuno kimepumzika. Kama fedha ni za moja tu, basi nakuomba iwe ya plastiki, na 1911 uikodi uwanjani kwa saa. Viwanja vingi vina bastola za kukodi. Kodi pia kabla hujanunua, hata kama mwenzako amekuapia kwamba yake haina mfano. Mkono wake si wako.

4. Mbele ya kaunta

Ukifika dukani, mbali na lile jina la Browning, usijitie ujuzi. Mwambie muuzaji kwamba wewe ni mgeni wa mambo haya, na utaona anavyokulegezea. Anayejitia mjuzi huuziwa kilichokaa sana kwenye kabati.

Akikukabidhi bastola, hata kama ameshaikagua mbele yako, vuta slaidi nyuma na uangalie chemba kwa macho yako. Tia na ncha ya kidole kidogo ukitaka. Elekeza mtutu chini au ukutani, usiuelekeze kwa bwana aliye jirani yako. Kidole kikae nje ya triga, kimelala ubavuni mwa fremu. Hivi vitu vitatu vitakupa heshima kuliko kutaja miaka yote niliyokutajia.

Kisha jaribu mambo haya. Je, kidole gumba kinafika kwenye sefti bila kugeuza mkono? Je, unaweza kuikoki mara kumi mfululizo bila kukunja uso? Ukiinyanyua upesi kuelekea ukuta, zile alama za kulengea zinakuja zenyewe machoni au unazitafuta? Kwenye bastola za asili za 1911 alama ni ndogo kama punje ya ulezi, na anayevaa miwani atazitafuta mpaka adui achoke. Chukua yenye alama kubwa. Usione haya, waliokufa na alama ndogo hawakuzichagua.

Mapambo yaje mwisho. Najua utataka mpini wa pembe, kwa sababu jenerali Patton alikuwa nao. Marekani tangu mwaka 2016 karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika imepigwa marufuku, na hata isingepigwa, sisi ndio wa mwisho tunaostahili kuutaka. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, zikapakiwa Zanzibar, nyingi zilishushwa Connecticut, katika mji uliopewa jina la pembe zenyewe, Ivoryton, zikachongwa vibao vya piano. Jimbo hilohilo ndilo la Colt. Watu walikufa njiani na mizigo ile. Weka mbao.

5. Nyundo iliyovutwa

Huwezi kuiruka hatua hii, na wengi wanairuka. 1911 na Hi-Power zimebuniwa ziweze kubebwa hivi: risasi chembani, nyundo imevutwa nyuma, sefti imepandishwa. Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marine na kuanzisha shule ya shabaha Arizona mwaka 1976, ndiye aliyewafundisha raia kuzoea hali hiyo. Ukiitazama kwa mara ya kwanza inatisha. Nyundo imekaa kama kidole kilichoinuliwa, na moyo unakwambia italipuka.

Ukiwa na ala nzuri inayofunika triga na sefti inayobana vizuri, hailipuki. Lakini kama baada ya wiki kadhaa bado inakutisha, usijilazimishe. Utaanza kufanya ujanja, na ujanja wa hapa unaua. Kuna anayeishusha nyundo polepole kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo chembani, ili "ilale." Kidole chenye jasho kikiteleza mara moja, risasi inatoka sebuleni. Kuna anayebeba chemba tupu, akiamini siku ya siku atakuwa na mikono miwili huru na nusu sekunde ya ziada. Huyo wa pili angalau hatamwua mtoto wake, na kwa anayeanza naona ni afadhali. Lakini ajue anabeba nusu bastola.

Kama nyundo iliyovutwa hailali na roho yako, rudi kwa PPK/S. Hiyo inabebwa nyundo imelala, na risasi ya kwanza inataka kuvutwa kwa triga ndefu na nzito ambayo haivutwi kwa bahati mbaya. Ndiyo sifa yake kubwa kuliko Bond.

6. Vaa vizuri ndipo ujifiche vizuri

Watu hutumia fedha yote kwenye chuma, kisha wananunua mkanda wa dukani wa kuvalia kanisani na ala ya kitambaa. Kinyume chake ndicho sahihi. Mkanda mnene wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja ndio unaobeba bastola. Ala ngumu inayobaki wazi hata bastola ikitoka, inayofunika triga yote, ndiyo inayokulinda. Ile laini hujikunja mdomoni, na siku unarudisha bastola ndani ukingo wake unaingia kwenye triga. Matundu mengi ya mapaja yanaanzia hapo. Rudisha bastola polepole, ukiangalia, kila mara. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Shati sasa. Hapa sisi tumebarikiwa. Shati jeupe la kubana huchora kila kona ya mpini mgongoni kwako ukiinama kuchukua mfuko wa mchele. Shati la kitenge lisilochomekwa, lenye maua makubwa na rangi tatu nne, halichori kitu. Jicho linapotea kwenye maua. Batiki nayo hivyohivyo. Wenzako Wamarekani wananunua mashati ya maua ya Hawaii kwa kazi hiyo, wewe unalo kabatini tangu harusi ya binamu. Likate liwe refu kidogo kuliko kawaida, lipite mfuko wa nyuma, na usishikeshike kiuno kila unaposimama. Anayejipapasa ndiye anayejitangaza.

Houston ina joto na unyevu kama Tanga, na chuma cha kizamani kilichopakwa rangi ya bluu kinachukia jasho. Vua bastola jioni, itoe risasi, geuza upande uliolala kwenye ngozi: utaona vidoa vidogo vya kutu ya rangi ya machungwa kando ya skrubu za mpini na kwenye ukingo wa slaidi. Vinaanza baada ya siku moja ya Agosti. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni. Ukiona ni kazi, nunua ya chuma kisichoshika kutu upesi, ileile ya rangi ya fedha, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo inayometa zaidi.

7. Mazoezi mafupi ya mtu mwenye kazi mbili

Najua huna muda. Una zamu ya usiku na gari la mizigo la mchana. Basi fanya kidogo, ila ufanye kitu chenyewe. Nunua risasi zilezile utakazobeba, zenye ncha ya tundu, na upige angalau 200 bila kukwama kabla hujaiamini. Bastola za asili za kizamani zilitengenezewa risasi za ncha ya mviringo, na kwenye nyingi ile njia ya kupandia risasi chembani ni kali mno kwa ncha bapa. Risasi inapiga ukingo, inasimama, slaidi inabaki nusu. Ikikufanyia hivyo mara mbili uwanjani, itakufanyia na njiani. Ipeleke kwa fundi au ibaki ya Jumamosi.

Nyumbani, bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, simama ukielekea ukuta wa matofali na ufanye taratibu: inua shati, shika, toa, shusha sefti, lenga, pandisha sefti, rudisha. Dakika tano. Kidole gumba kikishusha sefti bila wewe kukiamuru, umefika. Hicho kidole ndicho kinachotenganisha mtu mwenye 1911 na mtu mwenye kilo moja na robo ya chuma.

8. Kabla hujalipa

Hii ni hatua ya mwisho kwenye karatasi, ila naomba iwe ya kwanza mfukoni. Nunua sanduku la chuma lenye kufuli kabla ya bastola. Usiku bastola inalala humo, hailali chini ya mto, hailali juu ya kabati la vyombo, wala kwenye mkoba wa mama. Texas ina sheria inayomshika mtu mzima aliyemwachia mtoto wa chini ya miaka 17 njia ya kuifikia silaha yenye risasi, na sheria hiyo ndiyo ndogo kati ya mambo utakayokutana nayo. Watoto wanajua kila mahali ulipoficha kitu. Walijua ulipoficha biskuti.

Kama fedha uliyo nayo inatosha bastola nzuri bila sanduku, hujaweza bado kuinunua. Chukua sanduku mwezi huu, mkanda na ala mwezi ujao, ukodi Commander uwanjani katikati, na bastola ije mwezi wa tatu. 1911 imekusubiri tangu mwaka 1911. Haitakuwa imekwisha dukani.